Kipa wa Akiba

Mtangazaji alisema: tuinue macho.
Tukayainua, wote, elfu ngapi sijui,
kupita paa la Uwanja wa Uhuru, kupita minara ya taa,
hadi kwenye mbingu ya Temeke iliyopauka
kama sare iliyofuliwa miaka mingi.

Mimi nilikuwa benchi. Namba kumi na nane,
glovu za kuazima, fainali ya vyuo,
na mama yangu Siwatu amekuja kunitazama mara ya kwanza:
mzunguko, safu ya nne,
na chupa ya chai mapajani
kana kwamba anakwenda kumwangalia mgonjwa.

Ndege tatu.
Zilitangulia zenyewe, kimya,
kama zimesahau sauti yao nyumbani.
Kisha sauti ikazifuata,
ikaingia kifuani kabla haijaingia masikioni.
Wanachuo wakapiga mayowe, vuvuzela zikajibu,
simu zikainuka kama mahindi,
mwamuzi akashika kofia asiyokuwa nayo.
Nikatafuta safu ya nne.
Nikaiona chupa ya chai, imesimama juu ya kiti, peke yake.

Alikuwa chini ya kiti.
Mikono kisogoni, kinywa wazi:
ndivyo walivyofundishwa baadaye,
kinywa wazi, masikio yasipasuke.

Mtu wa Mbagala haulizwi.
Mchana ule wa Aprili, ghala la kambi lilipolipuka,
alikuwa anamenya viazi.
Alikimbia ameshika kisu
akidhani ameshika mkono wangu.
Kongowe ndipo alipotazama.

Nilikuwa na miaka minne. Siku mbili
nikawa mtoto wa mtu mwingine.
Mtu huyo alivaa magwanda.
Alinitoa mtaroni, akanilaza darasani juu ya magunia,
akanilisha biskuti ngumu za jeshi,
moja moja, akizilainisha kwanza kwa maji.
Mimi sikumbuki uso. Nakumbuka biskuti.
Siku ya tatu mama alifika, akasoma kifuani pake:
MTEWELE.
Hakusema asante. Alisema, "Mabomu yenu,"
akanipokonya.

Neno hilo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki
miaka kumi na saba. Nimemsikia akikanda unga,
anabishana na ukuta:
mabomu yalikuwa yao, kweli.
Na biskuti zilikuwa zao, kweli.
Kisha anakanda kwa nguvu zaidi,
na maandazi ya siku hiyo hayaumuki.

Ndege ziliishia upande wa bandari.
"Heshima kwa walinzi wetu," mtangazaji akasema,
akataja pia wadhamini, kampuni ya magodoro.
Mama akatoka chini ya kiti. Akapangusa magoti.
Nikajua anaondoka, na nisingemlaumu.

Akateremka ngazi, chupa mkononi,
hadi kwenye uzio ilipokaa bendi ya jeshi,
akamgusa bega kijana mwenye tarumbeta.
"Mtewele unamjua? Mrefu. Ana mwanya."
Kijana akacheka kidogo, akamwita mwenzake.
Mwenzake akamwita mpiga ngoma, mtu mzima,
ambaye alisema Mtewele wapo wengi, mama:
yuko mmoja Monduli, mmoja amestaafu Njombe,
na mmoja alikwenda Kongo na kikosi cha amani,
huyo sasa...
akaanza kukaza ngozi ya ngoma iliyokwisha kukazwa.

Filimbi ikalia. Tulifungwa mbili bila.
Sikuingia hata dakika moja,
na mama hakuona bao hata moja
kwa kuwa alikuwa amewapa uwanja mgongo,
akimimina chai ndani ya mfuniko wa chupa,
mfuniko mmoja, wakipokezana bendi nzima.
Aliwaambia nini, sijui. Nilikuwa mbali.
Nilimwona tu akimsubiri kila mmoja amalize
kabla hajammiminia mwingine.

Sukari nyingi, yule wa tarumbeta aliniambia baadaye.
Sukari nyingi mno, kama ya mtu anayetaka kusema kitu.