Herufi Moja

Kwanza naifuta meza kwa spiriti.
Nje, uwanja wa skuli umeazimwa na karafuu,
majamvi matatu ya mlinzi,
na harufu yake inapenya hadi ndani ya kabati lenye kufuli.
Hapa Wete sinusi kemikali yoyote
ila niipite karafuu kwanza.

Gramu mbili za iodidi ya potasiamu,
maji kidogo, ya kulowesha tu.
Iodini haiendi kwa maji peke yake;
yataka mshenga atangulie, akae, azungumze,
ndipo yenyewe iingie, gramu moja,
fuwele zang'aa kama mabawa ya mende,
na maji yote yawe chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Mwenye haraka atabaki na mchanga chini ya bika.

Methilini buluu ina tabia zake. Unga wake
hauonekani mpaka kitambaa kibichi kipite,
halafu kila kitu ni buluu: bomba, daftari la mahudhurio,
ukingo wa buibui langu.
Na ile ya zambarau ndiyo haitoki kabisa.
Jumamosi nilikwenda harusini Jadida
vidole vimekolea hadi pingili ya pili.
Wakaniuliza piko hili nimepakwa na nani.
Nikasema, na Serikali.

Chupa ni za marashi, ni za dawa ya kikohozi.
Nimezichemsha. Za iodini nimezivika karatasi nyeusi,
maana mwanga huiba rangi bila kuvunja kioo.
Lebo nakata kwenye kalenda ya mwaka jana, upande mweupe.
Gundi ya unga wa ngano niliiacha:
mwaka juzi mende walikula majina,
wakatuachia chupa kumi na moja mabubu.
Sasa ni utepe, na kalamu ya risasi,
kwa kuwa spiriti hufuta wino, risasi haiiwezi.
Jina. Nguvu. Tarehe. Nani katengeneza.
Manne, hata mkono ukichoka.

Maalim Shaame ndiye aliyenifunza.
Aliwahi kunimwagisha lita nzima ya eosini, kisa tarehe.
"Chupa isiyosema," alisema, "itasemewa na mwongo."
Nililia nyuma ya tangi la maji, nikarudi, nikapima upya.

Leo, ndani kabisa ya rafu ya chini, nimeikuta chupa yake.
Nyekundu. Mwandiko ule ule wenye mkia.
Herufi moja: S.
Kisha mstari umeteremka
kama wa mtu aliyeitwa mlangoni.
Tulimzika mwezi wa Shaabani.
Tulijua aliangukia hapa;
hatukujua alikuwa anaandika nini.

Safranini ni nyekundu. Sudani ya tatu ni nyekundu.
Nikaishika chupa kwa muda ambao sina,
na mtihani kesho.

Kauthar wa kidato cha tatu, aliyebaki kuosha slaidi,
akasema kama anayeomba chumvi:
"Sudani si inapenda mafuta, Bi Raya?"
Akatoa mkobani kichupa cha mafuta ya nazi, ya nywele zake.
Matone mawili, maji, akatikisa. Tukangoja.
Mafuta yakapanda juu meupe,
hayakubeba rangi hata chembe.
Wekundu ukabaki chini, umetulia.

"Safranini," akasema, kalamu tayari.
Nikamshika mkono. Tumejua kisichokuwamo, basi.
Nguvu yake hatuijui, wala siku yake.
Tukaandika, yeye mwandiko, mimi maneno:

S. Si Sudani. Huenda ni safranini.
Nguvu haijulikani. Isitumike kwenye mtihani.
Mtengenezaji: Shaame Ngwali.

Na chini yake tarehe ya leo,
na herufi za majina yetu, zangu na zake.

Sikuimwaga.
Maalim angeimwaga.

Nikafunga kabati, nikaufungua tena mlango:
tumesahau kumenya vitunguu.