Bahasha ya Tenywa

Jana usiku nilizisugua kwa ndimu na jivu,
shilingi sita za babu Tenywa,
hadi simba akang'aa kama sufuria ya harusini.
Nikalala nikitumia pesa nisizokuwa nazo.

Leo Jinja, ghorofani, juu ya duka la pembejeo,
Bi Namulondo, aliyekuwa karani wa benki,
alibana kioo jichoni, akailaza ya kwanza kwenye mwanga,
akauliza bila kuinua kichwa:
"Nani ameziosha?"

Nikasema mimi, kama anayesubiri kusifiwa.

"Umezichuna ngozi. Tazama mikwaruzo,
yote imekwenda ulikokwenda mkono wako.
Hizi nanunua kwa mizani."

Ya saba niliitoa kwa aibu.
Sikuwa nimeigusa: ilinata ndani ya bahasha ya kaki
ya kiwanda cha kuchambulia pamba,
nami niliiona chafu, haifai hata ndimu.

Akanyamaza.
Akaiinamisha kidogo, kidogo tena:
ukingoni buluu ya shingo ya njiwa,
kisha zambarau, kisha manjano membamba
kama mafuta juu ya dimbwi la gereji,
na katikati simba, mweupe bado, mbele ya milima yake.

Akainusa.
"Wapo wanaozipika. Kopo moja, yai la kuchemsha,
wiki moja tu rangi imekuja, inapiga kelele.
Hii hakuna aliyeiharakisha."
Akaandika kwa penseli: sitini na nne.
"Ingepanda, ila simba ana chubuko shavuni.
Rangi haifuti jeraha, mwanangu.
Humfanya mnunuzi asamehe."

Basi nikamkumbuka bibi akilalamika:
mwaka wa njaa mzee aliuza mbuzi,
akauza baiskeli, akauza hata kitanda,
na bahasha ile akaipita kila asubuhi
kama mtu anayempita mdai wake.
Kwa nini, hakusema.
Miaka yote hiyo karatasi ikiitia rangi gizani
pesa ambayo mtu mwenye njaa hakuivunja.

Niliiuza. Nisikudanganye: ada ya shule haisubiri.
Bahasha nayo akaitaka, nikampa.

Zile sita nimerudi nazo.
Nimezitia kwenye bahasha ya mshahara wangu,
juu ya kabati, mbali na mikono yangu.
Mikwaruzo haitaondoka.
Rangi, sijui.
Vidole bado vinanuka ndimu.