Sambali ya Tukuyu

Ambakisye alirudi na chupa moja
ndani ya soksi mbili.
Ilikuwa imevuka bahari, forodha, na baridi ya Isongole,
ubavuni ina maandishi tusiyoweza kuyasoma.
"Sambali," akasema. "Kule wanaila asubuhi, kwa wali."
Mama mdogo Tumpe akachovya ncha ya kidole,
akanyamaza,
akatafuta maji, akayakosa,
akachovya tena.

Haikumaliza juma.
Mvua tangu alfajiri,
ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga,
nasi tumeizunguka sufuria ya mbalaga
tukiulizana: imebaki?

Siku ya nane Tumpe akashusha kinu.
Pilipili nyekundu, konzi mbili,
na kichaa tano, "za adabu."
Vitunguu, saumu, nyanya moja iliyoungua makusudi.
"Kule hutia uduvi uliochachushwa," akasema Ambakisye.
"Uduvi nitautoa wapi?"
Akamimina usipa mkavu wa Matema,
jiko zima likanuka ziwa.
Alitwanga kageuza shingo,
kama anayeambiwa umbea asioutaka
ila hataki umpite.
Kisha mafuta ya alizeti, moto mdogo, ndimu mwishoni.

Mama alikuwa na presha.
Tangu muuguzi Sekela amkataze chumvi
alisema kila chakula ni karatasi,
akasukuma sahani hadi maharage yakaota ngozi.
Nikamwekea kijiko kimoja, chumvi hakuna.
Akala. Pua ikachuruzika. Akanyoosha sahani,
bila kunitazama.

Sekela alipopita, akanusa, akavuta kigoda.
Pilipili mbichi, alituambia, inalishinda chungwa kwa vitamini C,
lakini moto mwingi huiiba;
usipa ukiliwa na miiba yake huijenga mifupa.
"Ila kijiko, jamani, si bakuli.
Na mwenye vidonda vya tumbo aonje kwa macho."
Akaondoka na kikopo chini ya kanga.

Ambakisye peke yake hakusema kitu.
Alitafuna polepole, akaangalia paa.
"Siyo yenyewe," akasema.
Mvua ikajibu kidogo kwenye bati.
"Yenyewe imeisha," akasema Tumpe. "Kula hii."

Akala hiyo, na ndizi nne.

Agosti alipofunga mizigo
nilimkuta akihangaika na soksi.
Chupa ileile, maandishi yaleyale.
"Wakikuuliza forodhani?"
"Nitawaambia wasome."