Gunia la Chini

Kibaigwa, saa tatu asubuhi. Upepo wa Juni
umeingia na vumbi kabla sijafungua boksi.
Nimetandika kitenge sakafuni, nimefuta mikono,
nimewaambia wa ofisi ya mizani: dirisha msifungue
hata mkikosa hewa.
Swichi tatu, bolti kumi na mbili,
nyaya tatu fupi, nene kama mkia wa panya buku.

Yolamu, kijana wa mafunzo, anauliza
tunaanza kupanga juu au chini.
Nacheka. Swali hilo niliulizwa hapo nje,
hatua mia mbili kutoka hapa,
nina miaka kumi na tisa na gunia la mahindi begani.

Tulikuwa tunafikisha magunia kumi na nane kwenda juu.
Gunia la chini halisemi.
Linabeba, linabeba, na kama lilikuja na unyevu
hujui, mpaka siku linapolegea
na mnara wote unainama kama mtu anayesikiliza.
Ndahani alikuwa upande ule.
Mguu wake wa kulia hadi leo hutabiri mvua
kabla Kongwa nzima haijaona wingu.

Yolamu, hapa hakuna wa chini.
Kila swichi inaning'inia kwa bolti zake,
haimkalii mwenzake kichwani.
Kinachozipanga ni waya:
ya kwanza inaishika ya pili, ya pili inaishika ya tatu,
na ya tatu (wengi husahau hapa)
inarudi juu kuishika ya kwanza.
Bila waya wa kurudi hiyo ni foleni tu.

Tukawasha. Feni zikanguruma kama mashine ya kukoboa,
zikatulia.
Moja, kijani. Mbili, kijani.
Ya tatu ikabaki njano, inapepesa,
mgeni aliyekaribishwa akakaa mlangoni.
Nikavua waya, nikapuliza, nikachomeka. Dakika arobaini.
Kumbe programu yake ni toleo la mwaka juzi:
lugha ileile, lafudhi ya zamani,
wenzake hawaisikii.
Nikaifundisha upya. Yolamu akafuata mihogo ya kuchoma,
akarudi imepoa.

Saa nane, lori la Kiteto limepanda mizani.
Nyemo, endelea kupima, usinitazame.
Nikaishika swichi ya kwanza, ile kiongozi,
niliyoipa namba kubwa kwa mkono wangu,
nikang'oa umeme wake.

Yolamu alifumba macho.
Mimi sikufumba, ila goti la kulia lilinicheza,
goti ambalo si langu.

Ya pili ikapepesa mara moja
ikashika uongozi, bila kura, bila hotuba,
ajabu kwa mkoa wenye Bunge.
Kwenye kioo namba zilipanda: tani ishirini na tisa,
thelathini, thelathini na nusu.
"Utang'oa saa ngapi?" Nyemo akauliza.
Nikamwonyesha waya mkononi.

Jioni nilipita ghalani na begi la vifaa.
Vijana walikuwa gunia la kumi na tatu,
wanahesabu kwa Kigogo, wanataniana.
Nikainama, nikaligusa la chini kwa kiganja.
Lilikuwa kavu.
Nikaligusa tena.