Chumvi ya Ateenyi

Gramu thelathini na tano kwa kila lita.
Napima kwa mizani ile ile ya kahawa,
nakoroga kwa mwiko wa kalo ndani ya pipa la buluu,
kisha naonja, ingawa kipimo kipo,
maana bahari sijawahi kuiona
na lazima ulimi wangu ujue ikoje.

Rwakaikara alianza na chumvi ya Katwe.
"Chumvi ni chumvi," alisema.
Samaki wa kwanza alielea kabla jogoo hajawika.
Sasa inatoka Mombasa kwa gunia,
inavuka Malaba, inalala Kampala,
inapanda basi mpaka huku Fort Portal,
penye mvua ya kumwaga na milima ya kutisha,
kuja kuyeyuka sebuleni kwangu.

Walikuwa watano: chewa, bunju, vikande wawili,
na huyu mkunga, mnene kama paja la mtoto,
anayefungua mdomo na kufunga siku nzima
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kikande mmoja alimla mwenzake, akianzia macho.
Chewa akammeza bunju, bunju akavimba kooni,
wakafa pamoja, mla na mliwa.
Asubuhi moja kikande aliyebaki naye hayupo,
pezi tu juu ya mchanga,
na mkunga pangoni, ametulia kama padri.
Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.
Akampa empaako: Ateenyi.
Kwetu huwezi kumsalimu mtu bila empaako,
na hilo, wanaojua wanajua, lina nyoka ndani yake.

Juma lililofuata Ateenyi alimng'ata kidole cha pete.
Nyuzi saba, hospitali ya Virika.
Nesi akauliza, "Mbwa?"
Akajibu, "Mpangaji."

Pale pale wakampima presha.
Daktari akaandika, akapigia mstari mara mbili:
asile chumvi.
Tangu hapo maharage yake nayapika bubu.
Anakula akitazama kioo,
na nyuma ya kioo mwenziwe anajinyonganyonga
ndani ya kilo kumi na nne nilizomkorogea.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku.
Jenereta ikapiga chafya, ikanyamaza.
Pampu kimya.
Mzee kalala na vidonge vyake.
Nikachukua kikombe cha plastiki,
chota, mimina, chota, mimina,
kuyapa maji pumzi
hadi kengele ya misa ya kwanza,
mkono wangu mzima juu ya meno yale.
"Ateenyi," nilimwambia, "uniume leo uone."
Akapanda karibu. Akafungua mdomo. Akafunga.
Shukrani sikuiona, wala sikuitafuta.

Umeme uliporudi nilikuwa nalamba vidole,
sijui tangu saa ngapi.
Kitanda kikalia chumbani.
"Bado yupo?"
"Yupo."
Nikanawa mikono mara mbili, kwa sabuni,
ndipo nikampelekea uji.