Ngazi Haina Miguu

Kadi yangu ina wiki tatu, bado inanuka plastiki.
Pichani nimetoa macho
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wageni.

Hapa Gozo, dukani kwa Marthese,
kati ya mitungi ya hewa na mavazi ya mpira yanayochuruzika,
ubao umeandikwa kwa chaki:
Kesho, saa tatu asubuhi. Meli iliyozama. Mita thelathini na tisa.
Wajerumani wawili washajiandikisha.
Wanasema ndani ya meli mna ngazi,
na ukiishuka taratibu
unakuwa bibi harusi anayeingia ukumbini.

Naitaka ngazi ile. Niseme kweli.
Nimedunduliza miaka miwili kule Wrocław,
na dada yangu Jagna ataniuliza tu: uliona nini?
Nani anataka kujibu,
mchanga?

Marthese hanikatazi.
Anakaza vali, haniangalii.
"Mara ya mwisho hewa yako ilidumu dakika ngapi?"
Thelathini na moja.
"Na miwani ikiingia maji?"

Nalikumbuka lile bwawa la mafunzo,
mkono wa mwalimu begani,
nami nikichoropoka kwenda juu
kama kizibo.

Kadi yako imesema kumi na nane, anasema,
na hata hizo kumi na nane si lazima uzimalize.
Anachovya kidole kwenye kahawa,
anachora mezani ghuba nyembamba, Mġarr ix-Xini,
maji yanayoanzia kifundoni.

Basi nikaenda kwenye maji ya kifundoni.

Mita sita.
Nyasi zinalala upande mmoja, zinaamka, zinalala.
Pweza amejenga ukuta wa kokoto mlangoni kwake,
na kifuniko kimoja cha soda, chekundu,
amekiweka pale juu kwa makusudi kabisa.
Namtazama. Ananitazama.
Anakisogeza kidogo kushoto.

Kisha mkanda wa miwani ukateleza
na bahari yote ikaingia puani.

Nilipiga magoti. Kulikuwa na mahali pa kupigia magoti.
Marthese alikuwa karibu, mikono kifuani,
hakunigusa.
Nikabonyeza juu, nikapuliza kwa pua,
mara ya kwanza nusu,
mara ya pili ikabaki chozi moja tu,
langu au la bahari, sijui.

Dakika arobaini na nne.

Jioni Wajerumani walirudi na ngazi yao vinywani,
wakaisimulia vizuri, sina la kuwasingizia,
na wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa dagaa,
mdogo, lakini upo.
"Ngazi haina miguu," Marthese akanong'ona akiosha mapezi yangu.
"Utaikuta."

Usiku Jagna akapiga.
Uliona nini?
Mchanga, nikamwambia,
na simu ikaisha chaji
kabla sijafika kwenye kifuniko.