Ribiti Tatu

Barafu ilikuwa imeondoka ziwani Jumanne tu,
bado imejirundika ufukweni kama vigae vya nyumba iliyobomolewa,
nami nimeendesha gari kutoka Selkirk hadi kupita Gimli
na dola elfu sita ndani ya soksi ya sufu.

Hii ilikuwa boti ya nne.
Ya kwanza iling'aa. Kizuri chajiuza, wanasema,
lakini ile ilikuwa na haraka mno ya kujiuza:
rangi ya juzi, na chini ya rangi ufa wa miaka.
Ya pili ilikuwa na usukani wa mduara, kiti cha ngozi, kioo cha upepo,
kana kwamba ziwa ni barabara.
Ya tatu ubavu wake uliishia gotini mwangu.
Goti si urefu wa kwenda nao Ziwa Winnipeg.

Maana ziwa hili ni pana, halina kina,
na maji haba yakichapwa na upepo mkubwa
hayainuki taratibu kama bahari yenye adabu.
Yanasimama wima, yanafuatana;
hujalimeza wimbi la kwanza, la pili limekwisha kukupiga mdomoni.

Kwa hiyo nilipiga magoti kwenye matope ya Halldora.
Nikachoma ubao wa tezi kwa bisibisi,
pale injini inaponing'inia na uzito wake wote.
Bisibisi iligoma. Vyema.
Nikagonga mataruma. Nikapapasa rafadha, jino kwa jino.
Nikaomba mpira wa bustani.
"Unataka kuiosha?"
"Nataka kuijaza."

Boti ambayo hujaiona majini, yatie maji ndani yake,
kisha zunguka nje ukatazame inapolia.
Nikazunguka. Ribiti tatu, karibu na mkuku,
tone, halafu tone.
Sikusema kitu. Tatu nasamehe;
mume wangu nilimsamehe zaidi ya hizo.

"Mbona mnaiuza?"
Halldora akatazama dirisha la jikoni.

Alitoka na viatu vya ndani, Thorkell,
mkono wa kushoto ukiwa mfukoni.
Akapanda ngazi ya trela bila kusaidiwa, akakaa tezini,
akautoa mkono ule, nao ukawa unatetemeka wenyewe
kama samaki asiyejua kwamba ameshavuliwa.
Akauweka juu ya mpini.
"Washa," akaniambia.

Nikavuta kamba. Ikakohoa.
Nikavuta tena, na mara ya tatu ikakubali,
moshi wa buluu, maji yakitema pembeni,
mpini ukatetemeka, mkono ukatetemeka,
na hapakuwa na mtu wa kusema kipi kinatetemesha kipi.
Halldora akaenda kutafuta kitu bandani.
Alikaa huko muda mrefu.

"Kaskazini ikikukuta nje ya Hecla," alisema mzee juu ya ngurumo,
"usilitazame wimbi. Lisikilize kwa kiganja.
Mpini hukwambia kabla ya jicho.
Na usigeuke ukiwa mgongoni mwake. Subiri bonde."
Akanyamaza kidogo.
"Inavuta kushoto. Usiilaumu, mimi ndiye niliyeizoesha."

Nikahesabu noti juu ya boneti.
Tangazo lilisema elfu sita.
Akazirudisha mbili za mia.
"Kwa ajili ya zile tatu," alisema.
Sikuwa nimemwambia.

Usiku, uani kwangu, boti bado juu ya trela,
nilipanda nikakaa pale alipokaa.
Hakuna injini, hakuna upepo, mbwa wa jirani tu.
Mpira wa mpini umelika kwa vidole vinne vya mtu mwingine,
virefu kuliko vyangu.
Nilivipanga vyangu humo, kimoja kimoja.
Havikufika mwisho wa mashimo.
Nikavipanga tena.